Ziara za mashabiki wa muziki: Tunduma ina nini cha kujifunza Korea na Zanzibar?

MJI wa Tunduma unajulikana kwa jambo moja kubwa: watu hupita. Malori yenye shaba kutoka Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, malori ya mafuta kutoka bandari ya Dar es Salaam, mabasi, wafanyabiashara wa mahindi na wabadilisha fedha, wote hukutana mpakani hapo, kisha kila mmoja huvuka au hurudi alikotoka. Kwa miaka mingi uchumi wa mji huo umekuwa uchumi wa foleni. Dereva aliyekwama siku tatu alihitaji chakula, kitanda na maji ya kuoga, na wenyeji walimuuzia.

Uchumi wa namna hiyo sasa uko mashakani. Oktoba 5, 2019, Rais wa Tanzania wakati huo, John Magufuli, na mwenzake wa Zambia, Edgar Lungu, walizindua kituo cha pamoja cha huduma mpakani kati ya Tunduma na Nakonde, ambacho lengo lake ni msafiri na mzigo wake kukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Foleni imeendelea kujirudia mara kwa mara, lakini mwelekeo wa sera uko wazi: Serikali inataka gari lipite haraka. Lori likipita haraka, taifa linanufaika. Mama lishe wa Tunduma anapoteza mteja.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo viongozi wa Mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, hawana budi kulitafutia jibu. Je, mji ambao watu wamezoea kusimama kwa kulazimishwa unaweza kuwafanya wasimame kwa kupenda?

Jibu mojawapo linapatikana mbali sana, katika nchi ambayo watu wazima wa Tanzania wanaifahamu kwa Daraja la Tanzanite na Hospitali ya Mloganzila, na vijana wao wanaifahamu kwa nyimbo na tamthilia. Nchi hiyo ni Korea Kusini.

Kituo cha basi kisicho na basi

Katika ufukwe wa Hyangho, nje kidogo ya mji wa Gangneung, mashariki mwa Korea Kusini, kuna kituo cha basi ambacho hakuna basi linalosimama. Kilijengwa kwa ajili ya picha za albamu ya kundi la vijana saba la BTS iliyotoka mwaka 2017, kikabomolewa kazi ilipokwisha. Mashabiki wakaanza kufika ufukweni wakikitafuta. Mwaka 2018 mamlaka ya mji huo iliamua kukijenga upya, na tangu hapo wageni hupanga mstari wakisubiri zamu ya kukaa kwenye benchi na kupigwa picha.

Mtu asiye shabiki anaweza kucheka. Lakini taasisi ya utafiti wa kiuchumi ya Hyundai ilikadiria mwaka 2018 kwamba wageni wapatao 800,000 kwa mwaka walikwenda Korea Kusini kwa kuvutwa na kundi hilo, sawa na mgeni mmoja katika kila 13 waliofika mwaka 2017. Kundi moja la waimbaji lilikuwa linafanya kazi ya mbuga nzima ya wanyama.

Ziara za mashabiki hao zina utaratibu wake. Mwongozaji huwakusanya asubuhi mjini Seoul, huwapeleka mbele ya jengo la kampuni ya muziki, kisha kwenye ukumbi wa mazoezi ambako hufundishwa hatua za dansi kwa saa moja, kisha madukani kununua picha na taa wanazopunga kwenye maonyesho. Mchana huweza kula katika mgahawa wa kawaida wa eneo la Gangnam, ambao sifa yake ni kwamba waimbaji wa BTS walikuwa wakila hapo walipokuwa bado wanafunzi wasio na jina. Chakula hapo ni kile kile wanachokula majirani. Kinachouzwa ni habari ya nani aliketi kwenye kiti hicho na alikuwa na njaa kiasi gani.

Hili ndilo fundisho la kwanza. Ziara ya namna hii haihitaji mlima wala maporomoko ya maji. Inahitaji mambo matatu: watu wanaopenda kitu fulani kwa dhati, mahali ambapo kitu hicho kilitokea, na mtu anayeweza kusimulia kwa ukweli yaliyotokea hapo.

Hata hivyo, itakuwa makosa kudhani kwamba mambo hayo yalijitengeneza yenyewe. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa mwaka 1997, Serikali ya Korea Kusini iliamua kuutazama utamaduni kuwa bidhaa ya kuuza nje, na mwaka 1999 ikatunga sheria maalumu ya kukuza viwanda vya utamaduni. Tamthilia ya Winter Sonata ya mwaka 2002 ilipopendwa kupita kiasi nchini Japani, kisiwa kidogo cha Nami kilichotumika katika upigaji picha kiligeuka kuwa mahali pa kuhiji. Nyimbo zilipokuja kushika kasi, njia ya watalii ilikuwa tayari imekwishachongwa.

Gharama nazo zipo. Katika mtaa wa nyumba za kale wa Bukchon, jijini Seoul, wakazi walilalamika kwa miaka kuhusu kelele na watu wanaochungulia madirishani. Tangu Novemba 2024 uongozi wa eneo hilo umezuia watalii kuingia katika sehemu ya mtaa huo jioni, usiku na alfajiri, na kuanzia Machi 2025 anayekaidi hutozwa faini. Mgeni ni baraka, lakini mwenyeji naye ana haki ya kulala.

Zanzibar na mtoto wake aliyekuwa mbali

Hakuna sababu ya kwenda Seoul peke yake kutafuta mfano. Tanzania tayari ina ziara ya mashabiki wa muziki, nayo iko Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Septemba 5, 1946, alizaliwa Unguja mtoto wa familia ya Kiparsi aliyeitwa Farrokh Bulsara. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, akishughulika na fedha za mahakama. Mtoto alipelekwa shule India, akarejea mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Uingereza. Huko alibadili jina, akawa Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Alifariki dunia Novemba 24, 1991, akiwa mmoja wa waimbaji mashuhuri kuliko wote duniani.

Kwa muda mrefu Zanzibar haikujua imfanyie nini mtoto wake huyo. Watalii walifika wakiuliza nyumba yake, na waongozaji wakawaonyesha nyumba zaidi ya moja, kila mmoja na yake. Mwaka 2006 ilipopangwa sherehe ya kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake, jumuiya ya Kiislamu ya UAMSHO ilipinga, ikisema maisha ya mwimbaji huyo hayaendani na maadili ya Wazanzibari. Sherehe ikafutwa. Ilipofika mwaka 2018 filamu ya Bohemian Rhapsody ilizungushwa duniani na maswali ya wageni yakaongezeka. Novemba 2019 ndipo ikafunguliwa makumbusho ya Freddie Mercury katika nyumba iliyoko Shangani inayohusishwa na familia hiyo. Leo mgeni analipa kiingilio, anatazama picha, kisha anaongozwa kwa miguu katika vichochoro ambavyo mwimbaji huyo alivipita akiwa mtoto.

Mzozo wa mwaka 2006 mara nyingi husimuliwa kama ugomvi wa dini na starehe. Kuna upande mwingine usiotazamwa sana. Wakazi wa Mji Mkongwe walikuwa wanaelezwa kwamba mtu fulani ni fahari yao, lakini hawakuulizwa wanataka asimuliwe vipi, wala hawakuonyeshwa wao watapata nini. Ziara inayobuniwa juu ya vichwa vya wenyeji hupingwa hata ikiwa na faida. Miaka 28 ilipita kati ya kifo cha mwimbaji huyo na kufunguliwa kwa mlango wa makumbusho, na katika miaka hiyo kila aliyetaka alisimulia la kwake.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ya dukani inafaa pia katika utalii.

Songwe ina nini?

Mtu anaweza kuuliza: Tunduma ina mwimbaji gani wa kulinganishwa na BTS au Freddie Mercury? Jibu la haraka ni kwamba haina nyumba ya nyota wa namna hiyo ya kuonyesha. Lakini swali lenyewe limekaa upande.

Kwanza, jirani yake wa karibu anayo. Rayvanny, msanii aliyetwaa tuzo ya BET nchini Marekani mwaka 2017, ni mzaliwa wa Mbeya, zaidi kidogo ya kilometa 100 kutoka mpakani. Mashabiki wa bongo fleva wako pande zote mbili za mpaka huo. Kijana wa Nakonde anazijua nyimbo za Dar es Salaam kwa moyo, na muziki wa Zambia husikika Tunduma bila kuhitaji pasipoti. Wanyamwanga wanaishi Tanzania na Zambia. Mstari wa mkoloni uliigawa ardhi yao, haukuzigawa ngoma zao. Ni miji michache nchini ambako mgeni anaweza kusikia nchi mbili zikiimbiana kwa kuvuka barabara tu.

Pili, mkoa una kitu ambacho Korea haikuhitaji kukibuni. Katika kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, kuna Kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma kutoka angani linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, lililofahamika kwa wanasayansi mwaka 1930. Usimamizi wake ulikabidhiwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro katika miaka ya karibuni. Reli ya TAZARA yenye urefu wa kilometa 1,860, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita Vwawa na Tunduma kabla ya kuingia Zambia. Muziki, reli na kimondo vinaweza kufungwa katika ziara moja ya siku mbili, na siku mbili ni usiku mmoja wa nyumba ya wageni, milo kadhaa na ujira wa mwongozaji.

Tatu, mteja wa ziara hiyo si lazima atoke Ulaya. Ziara za Korea zinawategemea sana Waasia wa nchi jirani. Mteja wa kwanza wa Tunduma ni mwanafunzi wa chuo cha Mbeya, Mzambia aliyekuja sokoni, na Mtanzania anayekwenda kwao likizo. Tanzania ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.8 kutoka nje mwaka 2023, na sehemu kubwa yao ilielekea Kaskazini na Zanzibar. Kusubiri mafuriko hayo yafike Songwe ni kusubiri mvua kwa kutazama mawingu ya jirani.

Mwenye mlango ndiye mwenye fedha

Kikwazo kikubwa kiko katika taratibu. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inawataka wanaofanya biashara ya kuongoza watalii wawe na leseni, jambo ambalo ni sahihi kwa usalama wa mgeni na heshima ya kazi. Lakini mfumo huo ulijengwa ukitazama kampuni zenye magari ya mbugani. Kijana wa Tunduma anayetaka kuwatembeza wageni kumi kwa miguu, kutoka stendi hadi sokoni hadi ukumbi wa muziki, hana gari wala ofisi. Asipowekewa ngazi yake, mambo mawili yatatokea: ama atafanya kazi hiyo kwa kificho, ama kampuni ya mbali itakuja kuifanya na kuondoka na mapato.

Halmashauri ya Mji wa Tunduma inaweza kuanza na mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Iorodheshe maeneo na historia zake kabla wazee wanaozikumbuka hawajaondoka. Ikubaliane na wakazi ni njia zipi mgeni apite na kwa saa zipi. Ihakikishe mpishi, mpigaji muziki na mwenye nyumba ya wageni wanajua mgawo wao kabla ya basi la kwanza kufika. Na isiruhusu hadithi za kubuni. Kituo cha basi cha Gangneung ni cha maigizo, na kila anayekwenda anajua hivyo, hakuna aliyedanganywa. Kumwonyesha mgeni nyumba yoyote na kumwambia nyota fulani alizaliwa humo ni jambo jingine, na mgeni wa leo ana simu mkononi ya kuhakikisha.

Ni kweli kwamba ushabiki ni upepo. Nyimbo zinazovuma leo zinaweza kusahauliwa kesho, na mji unaojenga kila kitu juu ya jina la mtu mmoja unaweza kubaki na kituo cha basi kisicho na abiria. Lakini mwongozaji aliyefundishwa vizuri, barabara safi na kumbukumbu zilizoandikwa havipotei na wimbo. Nyota akififia, vitatumika kusimulia jingine.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka hamsini Tunduma imewapokea wageni walioletwa na shaba, mafuta na mihuri ya forodha, na ikapona kwa kuchelewa kwao. Forodha inapozidi kuharakisha, uponyaji huo unapungua kila mwaka. Wanaopaswa kuamua mgeni ajaye ataletwa na nini ni wenyeji wenyewe, na muda wa kuamua ni sasa, wakati foleni bado ipo.