"Mama Anajua" Si Lebo

Nikisema kila boksi la kuhamia liandikwe namba, chumba linakokwenda na kilichomo ndani, rafiki zangu hucheka. Mmoja aliniuliza kama tunahamia Ulaya. Mwingine akasema huo ni uzungu, sisi kwetu tunafunga tu vyombo, Mama anajua kila kitu kilipo.

Huyo wa pili ndiye ninayegombana naye hapa.

Nenda stendi ya Mbezi asubuhi yoyote, uangalie mizigo inayoshushwa kwenye mabasi ya Mbeya na Mwanza. Gunia la mchele limeandikwa kwa makapeni, herufi za kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara: jina la mpokeaji, DAR, namba ya simu. Tena limeandikwa pande mbili au tatu, ili hata likilazwa vibaya lisomeke. Aliyeliandika hakufundishwa uzungu na mtu. Anajua tu kwamba mzigo wake utapita mikononi mwa watu wasiomjua, na mzigo usiojieleza hupotea. Kwa hiyo kuandika tunajua, na tunajua vizuri. Tunawaandikia makondakta na wapagazi. Nyumbani hatuandiki kwa sababu kuna mtu ambaye kichwa chake tumekifanya daftari la familia, na wala hatukumwomba ruhusa.

Mimi nina aibu zaidi ya wengine, maana nasoma shahada ya uzamili katika utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka. Mchana nilikuwa naandika kazi ya darasa kuhusu jinsi kila boksi la nyaraka linavyopewa namba, na orodha yake ikawekwa mahali pengine. Jioni nikafunga vyombo vyetu, nikaandika MBALIMBALI kwenye maboksi 7 kati ya 19.

Ilikuwa Aprili, masika yenyewe. Tulikuwa tunatoka Sinza kwenda Kimara kwa kirikuu, safari mbili. Maboksi tuliyaomba dukani kwa Mangi, na boksi la dukani lina tabia ya kuongea kabla yako: BISKUTI, SABUNI YA UNGA, MAFUTA YA KULA. Usipolikata hilo neno kwa mstari mnene, ndilo litakalosomwa. Sikulikata. Mama alibaki Sinza kufagia na kukabidhi funguo, sisi tukatangulia na maboksi. Mvua ikashuka, foleni ikagoma, na simu ya Mama ikaisha chaji.

Saa moja usiku, kwenye vumbi la nyumba ambayo haikuwa imekaliwa muda mrefu, kifua cha mdogo wangu kikaanza kupiga filimbi. Ana pumu. Dawa yake ya kuvuta ilikuwepo, hilo kila mmoja alilijua. Nikachana MBALIMBALI ya kwanza kwa kisu: vikombe, nyaya, albamu ya picha. Ya pili: mapazia na pasi. Mtoto amekaa juu ya ndoo, mabega yanapanda na kushuka, haongei tena. Kufika boksi la nne, jirani ambaye hatukuwahi kumsalimia alimbeba, akaita bajaji, wakaenda zahanati. Alirudi saa nne usiku, amepumua vizuri, anaomba chipsi.

Dawa niliipata baada ya dakika 40 hivi, kwenye boksi la BISKUTI, chini ya masweta yake ya shule. Mama aliiweka pamoja na nguo zake, mahali panapoeleweka kabisa. Alipofika, amelowa mpaka kanga ya ndani, aliuliza, "Si ipo kwenye nguo zake?"

Wakati huo mjomba alikwisha piga simu na kusema, "Huyo mama yenu naye, dawa ya mtoto anaachaje mbali?" Hakuna aliyeniuliza mimi, niliyeshika makapeni mchana kutwa. Hapo ndipo nilipoielewa ile sentensi ya "Mama anajua". Kitu kikionekana, hakuna anayemshukuru. Kisipoonekana, kosa ni lake.

Sasa, kuandika kwenyewe. MBALIMBALI maana yake umechoka, haisemi chochote kuhusu boksi. VYA SEBULENI nayo inadanganya, kwa sababu inasema kilikotoka, na mbebaji anataka kujua kinakokwenda. Andika chumba cha nyumba mpya, halafu bandika karatasi yenye jina hilohilo mlangoni, maana vijana wa kushusha mizigo hawawezi kuota kwamba chumba cha pili kushoto ni cha watoto. Andika ubavuni, pande mbili. Maneno ya juu hufunikwa mara tu boksi jingine linapopandishwa. Namba iwe 7/19, siyo 7 peke yake, ili ukihesabu wakati wa kushusha ujue kama kuna lililobaki njiani. Na vitu vya thamani usivitangaze. Kirikuu kiko wazi, foleni ya Ubungo jioni ina macho mengi. Ukiandika KOMPYUTA umewatangazia. Andika 12, na maana ya 12 ikae kwenye daftari mfukoni, na picha ya ukurasa huo kwenye simu. Salfeti ni ubishi mwingine, wino haukai. Kata kipande cha boksi, toboa, funga kwa kamba.

Vitu vya usiku wa kwanza visipande kirikuu kabisa. Dawa, chaja, vyandarua, kiberiti, vyeti: hivyo vinapakatwa.

Wanasema muda hakuna. Ni kweli, mpangaji akipewa notisi anahama kama anayekimbia. Serikali iliamua mwaka 1973 kuhamia Dodoma, ikaanza kuhama kweli mwaka 2016. Sisi hatuna miaka 43 ya kutafuta makapeni. Lakini dakika mbili kwa boksi, mara 19, ni dakika 38. Mimi nilitumia zaidi ya hizo nikichana maboksi huku mtoto anakosa pumzi.

Pingamizi lililonigusa halikutoka kwa rafiki zangu. Nilipomaliza kupanga upya, nikamkabidhi Mama daftari lenye kila boksi na kilichomo. Akalifungua, akasoma taratibu, akasema, "Sasa mtaniuliza nini?" Nilicheka. Yeye hakucheka. Tangu baba afariki, kujua kila kitu kilipo ndiko kulikoishikilia nyumba, na mimi nilikuwa nimemletea karatasi ya kumstaafisha. Sijapata jibu lake. Nilichomwambia ni kwamba nataka siku moja azime simu, alale, na nyumba iendelee kupumua. Aliweka daftari juu ya friji bila kusema kitu.

Mwenye nyumba wa Kimara ameshadokeza kwamba kodi itapanda, kwa hiyo juzi nililishusha lile daftari nione tulipofikia. Boksi 19/19, moja ya zile MBALIMBALI zangu, ambalo nami sikuwahi kulifungua, lilikuwa na mstari mpya kwa mwandiko wa Mama: "Vya baba yenu. Msifungue bila mimi."