PRINTA IKIFA USIIUZE KWA KILO, IFUNGUE KWANZA

Leo naongea na wenye steshenari, kuanzia hapa Arusha mjini mpaka Tengeru, Usa River na Ngaramtoni. Najua chini ya meza yako au juu ya kabati kuna printa ya leza iliyokufa. Inakula nafasi na vumbi, na siku moja kijana wa chuma chakavu atapita na mzani wake, utampa akuondolee.

Mimi nasema usimpe ikiwa nzima. Ukiuza printa nzima kwa kilo unauza spea kwa bei ya bati.

Printa haifi yote kwa mpigo. Kinachokufa ni kitu kimoja. Rola ya kuvuta karatasi ikilika, karatasi haziingii. Fuza, yaani ile sehemu ya moto inayogandisha wino kwenye karatasi, ikichoka, maandishi yanafutika ukipitisha kidole. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, unaunguza bodi ya umeme. Sasa kama bodi ndiyo imeungua, rola, fuza, gia na mota zina kosa gani? Ni nzima, na wiki ijayo wewe au jirani yako mtazitafuta kwa fundi kwa hela.

Na spea hizi zinaingiliana kuliko tunavyodhani. HP LaserJet P1102, M1132 na M1212 zote zinatumia katriji ya 85A, na ndani zinafanana sehemu nyingi. Tena LaserJet ya kwanza kabisa, ya mwaka 1984, ilikuwa na injini iliyotengenezwa na Canon, na Canon wameendelea kuwatengenezea HP injini nyingi za leza. Kwa hiyo kabla ya kununua spea, linganisha na ile iliyokufa. Dukani kwangu printa mbili mfu ndizo zinazoilisha moja iliyo hai.

Kazi yenyewe inataka bisibisi ya nyota, kopo la skrubu na kama saa moja hivi. Ila fuata utaratibu:

1. Chomoa waya wa umeme, iache mpaka kesho yake. Fuza ikiwa kazini inafika karibu nyuzi 200 za moto, na kapasita kubwa ya kwenye bodi ya umeme inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Bodi hiyo ishike pembeni tu.

2. Toa katriji kwanza, ifunge kwenye mfuko. Unga wa tona ni plastiki iliyosagwa laini sana, usiuvute puani. Vaa barakoa, futa kwa kitambaa chenye maji baridi. Maji ya moto yanaugandisha, na kuupuliza kwa mdomo ni kujipaka mwenyewe.

3. Toa rola, fuza, gia, mota, springi na bodi. Piga picha kila hatua ili ujue nini kilikaa wapi. Kila kitu kiandike jina la printa kilikotoka. Spea isiyo na jina ni takataka nyingine tu.

4. Kiboksi cha leza kiache kimefungwa, na usiwashe printa ikiwa wazi. Mwanga ule mara nyingi hauonekani, lakini jicho unaliumiza.

Wapo watakaosema, "Bosi, muda wa kukaa na bisibisi nautoa wapi wakati wateja wanasubiri?" Hoja hiyo naielewa. Lakini steshenari ina saa zake za kulala. Wanafunzi wakishaingia darasani na watu wa ofisini wakishapata kopi zao, tunakaa tunachezea simu. Saa hiyo moja inatosha. Na siku printa yako ikigoma asubuhi ya watu kutuma maombi ya kazi, rola iliyo kwenye kopo inakuokoa. Mteja akishavuka barabara kwenda duka la pili, mara nyingi harudi.

Ila tusidanganyane, siyo kila printa ina faida. Kama ni aina usiyotumia wewe wala majirani zako, usijaze duka. Tenganisha vyuma, waya na bodi, uza kila kimoja peke yake.

Kwenye mashine kubwa za fotokopi ndiyo usizembee kabisa. Nyingi zina hadi diski ndani inayoweza kutunza nakala za ulichopitisha. Fikiria umepitisha vitambulisho vya NIDA vya watu wangapi, vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya viwanja. Mteja alikuachia siri yake kwa shilingi chache, hukumuuzia mtu mwingine ruhusa ya kuisoma. Toa hiyo diski, iharibu, ndiyo mashine itoke.

Halafu mabaki. Themi, Naura na Ngarenaro zinashuka kutoka Meru, zinapita katikati yetu, na huko chini watu wanamwagilia mboga tunazokula. Ukitupa katriji korongoni, umeitupa shambani. Kuchoma waya upate shaba nako ni moshi wa sumu, na anayeuvuta ni yule dogo uliyemtuma. Serikali ilitoa kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki mwaka 2021, na anayefanya biashara ya kukusanya taka hizi anatakiwa awe na kibali. Kwa hiyo bodi na katriji mpe mwenye kibali, ulizia ofisi ya NEMC. Na wewe ukianza kukusanya printa za mtaa mzima kama biashara, jua umeshaingia kwenye kanuni hizo.

Mtaji wetu wadau ni mdogo, hatuwezi kuupima kwa mzani wa chuma. Leo ukifunga duka angalia ile printa ya chini ya meza. Kama imechomolewa tangu jana, bisibisi unayo.