Ushujaa wa Askari Hupimwa Nyumbani Mwake

Mficha maradhi, walisema wahenga, kilio kitamfichua. Methali hii i midomoni mwetu kila siku, kambini na katika vituo vya polisi, lakini ni wachache kati yetu tunaoifuata tunapovua buti na kuingia katika nyumba zetu. Askari atasimama mbele ya risasi bila kupepesa jicho; lakini askari huyo huyo hushindwa kumwambia mkewe neno moja la kweli juu ya mshahara wake, juu ya afya yake, au juu ya mahali alipolala usiku wa jana. Nia ya makala haya ni kusema kwamba ushujaa wa namna hiyo ni nusu ya ushujaa, na kwamba hapa hapa Uganda alikwisha kutokea mchungaji kijana aliyetuonyesha nusu ya pili.

Kila aliyepita katika chuo cha maofisa kadeti anakumbuka somo la taarifa ya upelelezi. Tulifundishwa kwamba askari aliyetumwa kuchungulia ngome ya adui hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Akiona bunduki kumi, aseme kumi. Akiwa hakuona kitu, aseme hakuona kitu. Anayempendezesha kamanda wake kwa taarifa ya uongo huwaua wenzake asubuhi inayofuata, hata kama yeye mwenyewe hakufyatua risasi. Somo hilo halikuandikwa kwa ajili ya medani peke yake. Nyumba nayo ni kikosi. Mke na watoto huenda pale unapowaongoza, kwa kutegemea taarifa uliyowapa.

Sasa tumtazame mchungaji huyo. Jina lake ni Gideon Byamugisha, kasisi wa Kanisa la Anglikana, aliyezaliwa mwaka 1959. Mnamo mwaka 1991 mkewe alifariki dunia, akamwachia mtoto mdogo wa kike. Mwaka uliofuata, mjane huyo kijana, ambaye alikuwa mwalimu katika chuo cha theolojia cha Bishop Tucker huko Mukono, alipimwa damu akaambiwa kwamba na yeye anavyo virusi vya Ukimwi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, umri wa wengi wetu tunaovaa nyota za ukapteni. Alikuwa na kazi ya kulinda, heshima ya kulinda, na mtoto wa kulea. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemwuliza. Lakini alisema. Anahesabiwa kuwa kiongozi wa kwanza wa dini katika Afrika kutangaza hadharani kwamba anaishi na virusi hivyo.

Ili tuelewe uzito wa jambo hilo, yafaa tukumbuke siku zenyewe. Ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kuonekana Rakai, kwenye mialo ya ziwa, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, na watu waliuita Slim kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Hapakuwa na dawa ya kuuzuia iliyoweza kufikiwa na mtu wa kawaida. Mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza mwaka 1989 kuutangazia umma kwamba anaugua, na kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amekwisha kuzikwa. Watu wengi walidhani kwamba mgonjwa ni lazima awe mzinzi, na kwamba maradhi yake ni hukumu. Katika hali hiyo, kwa mtu anayesimama madhabahuni kila Jumapili kusema habari kama hiyo juu ya damu yake mwenyewe, lilikuwa jambo zito kuliko kupanda kilima chenye bunduki ya rashasha juu yake.

Sisi wanajeshi hatuna haki ya kusoma habari hizi kama habari za watu wengine. Mwaka 1986, muda mfupi baada ya Jeshi la Ukombozi kuingia Kampala, maofisa wapatao 60 walipelekwa Cuba kwa mafunzo. Walipopimwa huko, 18 kati yao walikutwa na virusi. Fidel Castro mwenyewe ndiye aliyempa Rais Museveni habari hizo walipokutana katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote, mjini Harare, Septemba mwaka huo. Vita walivyotoka kuvipigana vijana wale huko Luwero vilikuwa vimekwisha, lakini adui alikuwa amekwisha kuingia ndani ya mahandaki, na hakuna mlinzi aliyemwona akipita. Tangu siku hizo serikali iliamua kusema wazi, na kusema wazi huko kuliokoa maisha mengi. Ikiwa taifa zima liliokolewa kwa kweli iliyosemwa hadharani, je, nyumba moja itaokolewa kwa kitu gani kingine?

Wapo watakaouliza: imani inaingia wapi hapa? Inaingia mlangoni kabisa. Mtume Paulo, alipomwandikia kijana wake Timotheo juu ya sifa za msimamizi wa kanisa, hakuanza na ufasaha wa kuhubiri. Alitaka kwanza aulizwe mtu huyo anavyoitawala nyumba yake, kwa maana asiyeweza kuitunza nyumba yake mwenyewe hawezi kukabidhiwa nyumba ya Mungu. Kwa mchungaji kijana, kwa hiyo, mtihani mkubwa si mimbari. Mtihani ni meza ya chakula, ni kitanda cha mtoto mwenye homa, ni ada ya shule iliyopungua, ni mke anayeuliza swali ambalo angependa lisiulizwe. Waumini humwona akiwa amevaa kanzu. Watu wa nyumbani humwona akiwa amekasirika na amechoka. Wao ndio wanaojua kama yale anayoyasema ni kweli.

Tena, Wakristo wa Afrika Mashariki wana urithi wao katika jambo hili. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Wakasoma Maandiko pamoja na kuomba pamoja. Kutoka katika urafiki ule na kazi ya Gahini yalitokea mambo ambayo katika miaka ya 1930 yalienea Rwanda, Kigezi, Ankole na Buganda, yakavuka mpaka kwenda Kenya na Tanganyika. Watu wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Alama yao haikuwa kelele. Alama yao ilikuwa kutembea nuruni: mtu alirudisha alichoiba, alilipa deni alilolikana, na mume alikiri makosa yake mbele ya mkewe na kumwomba msamaha. Wazee wengi walishangaa kuona mwanamume akijishusha hivyo. Lakini nyumba nyingi zilipona kwa sababu hiyo, na Kanisa alimolelewa Byamugisha ni Kanisa ambalo uamsho ule uliliachia alama isiyofutika.

Na matunda ya kusema kweli yalionekana katika nyumba yake mwenyewe. Mwaka 1995 alioa tena, akamwoa mjane ambaye naye alikuwa akiishi na virusi. Wote wawili walijuana hali zao kabla ya kula kiapo. Hapakuwa na mtego kwa yeyote. Kwa kufuata mashauri ya madaktari walipata watoto wasio na virusi. Akaendelea na kazi ya kuwafundisha viongozi wa dini kote barani kwamba maradhi si kipimo cha dhambi, kwamba kuna wake waliokaa na uaminifu wao wote ndani ya ndoa wakaambukizwa humo humo, na kwamba aibu huua watu wengi ambao dawa ingewaponya.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame, ndugu askari. Maisha yetu yanafanana na ya mchungaji kijana kuliko tunavyofikiri. Yeye huitwa usiku wa manane kwenda kwa mgonjwa; sisi huitwa usiku wa manane kwa baragumu. Yeye huhamishwa parokia bila kuulizwa. Sisi huhamishwa kutoka Mbarara mpaka Moroto kwa karatasi moja. Tangu Machi 2007 majeshi yetu yamekwenda Somalia zamu baada ya zamu, na kila zamu huacha nyuma mamia ya nyumba zinazoongozwa na wanawake peke yao. Mtoto aliyeachwa akitambaa, baba anaporudi humkuta akikimbia, na pengine hukimbilia nyuma ya gauni la mama yake kwa kumwogopa mgeni mwenye sare.

Katika umbali huo ndipo uongo huota mizizi. Askari hukopa katika chama cha akiba na mikopo bila mkewe kujua, kisha mshahara unapofika umekatwa nusu hulaumu ofisi ya fedha. Polisi huhamishwa wilaya ya mbali, akaanza nyumba ya pili, na nyumba ya kwanza huambiwa kwamba kazi zimezidi. Mwingine amepimwa na daktari wa kikosi, amepewa dawa, lakini huzificha ndani ya begi la vifaa na kuzimeza gizani kama mwizi. Siku moja akisahau kuzibeba, au akishindwa kuzimeza kwa kuwa mke yu macho, ugonjwa hupata nafasi. Huyo hajamficha mkewe tu. Amejinyima mlinzi wa kumkumbusha saa ya dawa.

Nazijua hoja zinazotolewa. Ya kwanza ni kwamba mwanamume hatoboi siri zake kwa mwanamke. Hoja hiyo inachanganya vitu viwili. Siri ya jeshi ni mali ya taifa, na askari anayeipeleka kitandani anastahili adhabu. Lakini afya ya mume ni mali ya mke pia, na mshahara ni chakula cha watoto. Hizo si siri za jeshi. Kuziita hivyo ni kujificha nyuma ya bendera.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: nikisema, ataniacha. Hapana shaka, huenda ikawa hivyo. Kweli haina dhamana ya kupokelewa vizuri, na wala Byamugisha hakuwa na dhamana hiyo siku aliposema. Lakini anayenyamaza kwa kuogopa kuachwa amekwisha kumwacha mkewe, kwa maana amemweka upande wa pili wa ukuta. Isitoshe, hali ya leo si ile ya mwaka 1992. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bila malipo katika nchi hii, mamia ya maelfu ya watu wamezitumia na kuishi. Madaktari wamekwisha kuthibitisha kwamba mtu anayemeza dawa zake sawasawa, hata virusi visionekane tena katika vipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Kwa hiyo askari wa leo anayesema kweli hapeleki nyumbani habari za kifo. Hupeleka habari za maradhi yanayotawalika, mradi nyumba nzima iyajue.

Wajibu huu si wa askari wadogo peke yao. Maandiko yanasimulia habari za Uria Mhiti, askari mwaminifu aliyekataa kwenda kulala nyumbani kwake wakati wenzake wako vitani, huku mfalme wake, aliyepaswa kuwa mlinzi wa nyumba hiyo, ndiye aliyeivunja. Kila kamanda na asome kisa hicho mara moja kwa mwaka. Likizo ya askari isicheleweshwe bila sababu. Mke wa askari aliyeko vitani awe chini ya ulinzi wa heshima ya kikosi kizima. Na matokeo ya vipimo vya askari yasiwe mazungumzo ya kantini; kwa maana kweli haisemwi mahali ambapo kila sikio lina mdomo.

Wachungaji wa jeshi na mashehe wetu nao wana sehemu yao. Nimeeleza habari za mchungaji wa Kikristo kwa kuwa ndizo nilizokusudia, lakini amana ndani ya ndoa imeamriwa na dini zetu zote, na Mwislamu hatakuwa mgeni katika jambo hili. Watumishi hawa wasingoje kuitwa kwenye mazishi. Wawatembelee wake katika nyumba za kambi wakati waume wako safarini, na waketi na mume na mke pamoja kabla ya kila zamu ya ng'ambo na baada yake. Wapimwe wote wawili, si mmoja. Wakubaliane juu ya fedha: kiasi gani kinabaki, nani anakichukua, deni gani lipo. Saa moja ya mazungumzo hayo ina faida kuliko hotuba kumi za siku ya kuaga.

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinamtaja Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi aliyekaa Kaisaria. Hakusifiwa kwa vita alivyoshinda. Hakuna hata kimoja kilichotajwa. Alisifiwa kwa kuwa alimcha Mungu yeye pamoja na nyumba yake yote, na Petro alipokuja kumwona alimkuta amewakusanya jamaa na rafiki zake wasikilize pamoja naye, bila kuwaficha jambo lililomleta mgeni.

Basi, ndugu yangu uliye zamu leo, utakapopewa ruhusa jioni na kufika mlangoni kwako, weka chini silaha zako zote, pamoja na ile ya kunyamaza. Mwite mkeo, keti naye, mpe taarifa kamili kama ungempa kamanda wako: bila kuongeza, bila kupunguza.