Tusicheke Motokari za Wazazi Wetu

Leo tunataka kusema juu ya jambo moja linalotendeka langoni pa masomo yetu kila Jumamosi ya wazazi, nasi wakubwa wa wanafunzi tumeliacha liendelee.

Wazazi wanapofika, kuna kundi linalosimama karibu na lango kwa kuhukumu motokari. Prado ikiingia, wote wananyamaza, na mtoto wa mwenye Prado anatembea kama mchungaji siku ya Pasaka. Lakini Corolla ya zamani ikiingia, ile yenye mlango wa rangi nyingine, kicheko kinaanza: "Hii mutuka imezaliwa mbele ya Bwana Prefe!" Mtoto wa nyumba ile anainamisha kichwa, anajifanya kama hajaona baba yake. Wazazi wengine wanafika kwa pikipiki, wengine kwa miguu na kikapu kichwani. Hao hawachekwi kwa sauti, wanachekwa kwa macho.

Hatuandiki haya kama watakatifu. Mtusikilize kwanza.

Papa yetu alinunua motokari katika mwaka 2015, tulipokuwa na miaka minane. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba. Mjomba alimshauri kuchukua ndogo moja yenye rangi nzuri, ya kupendeza watu. Papa akazunguka, akafungua mlango wa nyuma ya nyingine, akauliza neno moja tu: "Hapa wataingia watu wangapi?" Basi akachagua Corolla break, nyeupe, iliyochoka, volan upande wa kuume.

Ninyi mnajua shida ya volan ya kuume. Motokari hizi zinatoka Japani, ambako watu wanaendesha upande wa kushoto, sawa na Kenya, Uganda na Tanzania. Sisi huku Kongo tunaendesha upande wa kuume. Kwa hiyo shofere anakaa karibu na mtaro, na akitaka kupita kamyo iliyo mbele, haoni kinachokuja. Lazima yule anayekaa upande wa kushoto amwonee. Kwetu, kazi ile tulipewa sisi kwa kuwa ni mzaliwa wa kwanza. Tulitoa kichwa kidogo dirishani, tukasema: "Papa, bado, kamyo iko inakuja!" ao: "Papa, pita!" Na Papa alipita. Mtu mzima, baba wa jamaa, alitia uzima wetu wote katika neno la mtoto wa miaka minane. Hatujui mwalimu mwingine aliyetufundisha uaminifu kuliko kiti kile cha kushoto.

Halafu ikaja Mei 2021. Tulikuwa tukikaa Goma. Nyiragongo ililipuka Jumamosi tarehe 22, na siku zilizofuata udongo ulitetemeka mchana na usiku. Alhamisi tarehe 27 wakubwa wa mji wakatangaza kwamba watu wa mitaa mingi watoke. Break ile ilibeba watu kumi na mmoja mpaka Sake: jamaa yetu, nyanya, na mama jirani mwenye mimba kubwa pamoja na watoto wake. Mjomba alikuja kwa miguu, yeye na godoro lake. Barabara ilijaa watu, pikipiki, chukudu na mbuzi. Tuliangalia upande wa kushoto njia nzima ili Papa asigonge mtoto wa mtu. Siku ile hakuna aliyeuliza motokari ni ya mwaka gani.

Sasa sikieni aibu yetu. Mwisho wa mwaka ule ule wa 2021, tulipokuwa wageni katika enternati hii, tulisikia kicheko cha langoni. Tukaogopa. Papa alipokuja, tulimwambia: "Papa, ukirudia kuja, simama tu kule chini kwenye mikaratusi, lango liko na watu wengi." Alitutazama kidogo, akajibu: "Sawa, mwana wangu." Tangu siku ile alisimama kwenye mikaratusi.

Mwaka jana aliuza break kwa kulipa minerval yetu na ya wadogo wetu. Mwezi uliopita alikuja kwa pikipiki. Tulimngojea langoni saa nzima, hakuonekana. Mwishowe tukashuka kumtafuta. Alikuwa amekaa chini ya mikaratusi na mfuko wa unga, anangoja. Hakuwa tena na motokari ya kuficha, lakini neno letu alikuwa bado analishika.

Wengine watatujibu: "Lakini motokari za zamani ni hatari, na volan ya kuume inaleta aksida." Ni kweli, wala hatusifu hatari. Siku tutakapokuwa na feza, tuchague vizuri kuliko wazazi wetu. Lakini anayecheka langoni hatengenezi freni ya mtu. Anamfundisha mtoto kukana mzazi wake, basi. Na amri ya tano, tunayoikariri wote pamoja ndani ya kapela, haisemi kitu juu ya marki ya motokari.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kundi la langoni lifungwe. Sisi wenyewe tutasimama pale Jumamosi ijayo. Pili, kila mzazi anayefika, hata kwa miguu, apokelewe mzigo na mwanafunzi wa kwanza anayemwona, si mtoto wake tu. Tatu, wewe uliyemwambia mzazi wako asimame mbali, umwandikie kabla ya sikukuu.

Sisi tumekwisha kuandika. Tumemwomba Papa kupanda mpaka langoni, kwa pikipiki ao kwa miguu, na tumemwahidi kwamba tutakuwa tunaangalia upande wa kushoto.

Mkubwa wa wanafunzi, darasa la mwisho