Suti Haina Cheti
Wiki hii, nje ya mahakama mjini Nyeri, mama muuza viazi kutoka Karatina alikumbatia bahasha ya kaki akimuuliza kila mwenye suti: “Samahani mwanangu, wewe ni wakili?” Anaidai hoteli moja shilingi 180,000 za viazi. Mtu wa tatu aliyemsimamisha alitaja ada kabla ya kutaja jina lake. Mwandishi wa safu hii aliumia kuona hivyo, maana suti hushonwa na fundi yeyote, cheti hakishonwi. Nchini Kenya wakili lazima awe na cheti cha kufanya kazi, nacho hufanywa upya kila mwaka. Chama cha Mawakili, LSK, kimeweka majina ya mawakili kwenye intaneti, na yeyote mwenye simu anaweza kukagua. Ni kazi ya dakika mbili. Oktoba 2023 chama hicho kilionya umma juu ya mtu aliyedaiwa kutumia jina la wakili halisi, na nchi nzima ikashangaa. Tena deni la mama huyu halihitaji wakili kabisa: Mahakama ya Madai Madogo, ambayo Nyeri inayo, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Wakili anayemficha mteja habari hiyo ili apate ada amekwisha kumwibia kabla ya kufungua faili. Mama alipoambiwa kuhusu mahakama hiyo, aliikunja bahasha, akauliza masjala iko mlango gani.