NDOA NA KIPANDE

Ndugu wafanyakazi, wako miongoni mwetu waliooa au kuolewa na wenzetu wa Uganda, Tanzania na kwingineko. Zamani sheria ya Kenya ilimruhusu mke mgeni kuomba uraia wa mumewe, lakini mume mgeni ilimnyima haki hiyo. Katiba ya 2010 iliwasawazisha: ndoa ikitimiza miaka 7, mke au mume aweza kuandikishwa raia, na kwa sheria ya 2011, ikitimiza miaka 3 aweza kuomba ukaaji wa kudumu.

Lakini haki haimfuati mtu nyumbani. Askari akibisha hodi, mapenzi si cheti. Twawasihi: andikisheni ndoa zenu, hata za kimila, na ombeni mapema. Nayo serikali twaitaka isiwazungushe. Mali bila daftari hupotea bila habari.