Msituletee Mipira Tu, Tupiganieni Karatasi

Kila tarehe 20 Juni tunaletewa mipira. Mipya, bado inanuka duka, pamoja na fulana zenye nembo kubwa mgongoni. Tunacheza, tunapigwa picha, mgeni rasmi anashika maiki anasema michezo haina mipaka, tunapiga makofi, soda inaisha, gari linaondoka. Sisi vijana wa kikundi hiki, tunaojitolea kupanga hayo mashindano na kufagia kiwanja kabla na baada, leo tunasema wazi: maneno hayo si ya kweli. Michezo ina mipaka kuliko hata biashara ya maharage. Gunia la maharage linavuka Mpondwe bila kuulizwa babu yake alikuwa nani.

Tunaongea basketi kwa sababu ndiyo tunayocheza, na kwa sababu kwenye basketi ukuta unaonekana vizuri. Kwenye mambo mengine unaambiwa rudi kesho, mtandao hakuna, bosi hayupo. Kwenye timu ya taifa ya vijana unaambiwa kwa namba. Namba zenyewe ni mbili tu: 16 na 20.

Tuzieleze. Timu za taifa za vijana ni zile za chini ya miaka 16 na chini ya miaka 18. FIBA, shirikisho la dunia, inataka kila mchezaji awe raia halali wa nchi anayoichezea. Halafu ina kanuni nyingine: ukipata uraia baada ya kutimiza miaka 16, kwa kawaida unahesabiwa mchezaji wa kupewa uraia, na timu inaruhusiwa mmoja tu wa aina hiyo. Sasa fungua sheria za Uganda. Kifungu cha 12 cha Katiba ya 1995 kinazungumzia waliozaliwa hapa wanaoweza kuandikishwa kuwa raia, kisha kinamtoa nje yule ambaye, siku anazaliwa, baba au mama yake, au hata babu au bibi yake, alikuwa mkimbizi Uganda. Njia inayobaki ni kuomba uraia kwa sababu umeishi sana, na hapo sheria ya uraia inataka miaka 20.

Ishirini! Piga hesabu hata kwa vidole. Mtoto wa wakimbizi aliyezaliwa Mulago, hata asitoke Kampala siku moja, ataufikia mlango huo akiwa na miaka 20. Timu ya chini ya 16 imeshampita. Ya chini ya 18 imeshampita. Na akifika mlangoni hafunguliwi palepale, ndiyo kwanza ana haki ya kupeleka ombi. Yaani hakuna njia ambayo mtoto huyo angeweza kukimbia zaidi, kuruka zaidi au kuamka mapema zaidi ili aiwahi. Hajashindwa mchezo. Hesabu yenyewe ilimshinda kabla hajajua kutembea.

Tuna kijana wetu mmoja, jina tunalihifadhi. Wazazi wake walitoka Masisi, yeye alizaliwa hapa. Luganda yake ni safi kuliko Kiswahili chake, mama yake ndiye anayelalamika. Kiwanjani yeye ndiye anayepandisha mpira na kugawa, na anagawa kama mtu mzima. Mwaka aliotimiza 15 kocha mmoja alimwona, akamwita kwenye majaribio. Siku ya kwanza vizuri, siku ya pili vizuri. Siku ya tatu wakaomba nakala ya pasipoti au namba ya kitambulisho cha taifa. Akapeleka alichonacho, ile karatasi ya familia, ambayo jina lake liko mstari wa nne chini ya dada zake. Ilirudishwa kwa heshima kabisa, hakuna aliyemtukana, kocha hata alimpa nauli ya taksi. Akauliza kama anaweza kuendelea kuja tu, awe anawaokotea mipira. Ndiyo hapo sisi tuliposhikwa na hasira.

Mtu atasema: mbona Khaman Maluach? Kweli, tumwongelee Khaman, maana kila semina tunayoitwa lazima picha yake ioneshwe. Alizaliwa Rumbek mwaka 2006, akaletwa Uganda akiwa mdogo, akakulia Kawempe hapahapa. Akaanza basketi na miaka 13, tena bila raba za maana. Akachukuliwa akademi ya NBA kule Saly, Senegal. Akiwa na miaka 16 alicheza Kombe la Dunia la 2023, akiwa na 17 akacheza Olimpiki ya Paris, na Juni 2025 akachaguliwa nambari 10 kuingia NBA. Tunamshangilia. Tulilala saa tisa usiku kwa ajili yake.

Lakini someni hadithi yake vizuri. Mwaka 2024 alivaa jezi ya City Oilers, klabu ya Kampala, kwenye ligi ya Afrika. Klabu iliweza. Timu ya taifa ya vijana ya Uganda isingeweza kumwita hata kama yeye mwenyewe angetaka. Aliyemwita ni Sudan Kusini, nchi yake, ambayo shirikisho lake linaongozwa na Luol Deng, mtu aliyepita ukimbizi Misri na Uingereza, na anajua mahali pa kutafuta vijana. Pia tusisahau kitu kimoja: Khaman ana urefu wa mita mbili na sentimita kumi na nane. Mtu wa hivyo anaonekana hata akiwa nyuma ya ukuta. Huyu wetu wa Masisi ana mita moja na sabini na mbili. Huwezi kumfanya mtoto mmoja kati ya mamilioni kuwa sera, halafu ukawaambia waliobaki wajitume.

Kabla yake alipita Thon Maker. Naye alizaliwa Sudan Kusini, Wau, familia ikakimbilia Uganda, kisha Australia ikawapokea. Mwaka 2016 naye alichaguliwa NBA, naye nambari 10, na timu ya taifa aliyoichezea ni ya Australia. Wawili hao walipita kwenye vumbi hili. Hakuna hata mmoja ambaye vumbi hili lingemwita wa kwake.

Na Msudani Kusini angalau ana Deng. Mkongomani wa Katwe je? Msomali wa Kisenyi? Mueritrea wa Kansanga? Mnatuambia: chezeeni nchi zenu. Sawa. Ili uichezee nchi yako unahitaji pasipoti yake. Na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 1C, unasema mtu akirudi kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia, ukimbizi wake unaweza kukoma, na kuchukua pasipoti ya nchi hiyo ni jambo linaloweza kuhesabiwa hivyo. Mtoto wa miaka 15 achague: jezi, au hifadhi ya familia nzima. Kweli kuna hati ya kusafiria ya wakimbizi, na wachache wetu wameipata, lakini ile inakuvusha uwanja wa ndege tu. Haikufanyi kuwa wa timu yoyote.

Sasa tufike kwenye linalouma. Mwaka 2021 timu ya wakubwa ya Uganda, Silverbacks, ilifika robo fainali ya AfroBasket mjini Kigali baada ya kuitoa Nigeria. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakatika. Kwenye timu ile, ile nafasi moja ya mchezaji aliyepewa uraia ilikuwa ya Ishmail Wainright, Mmarekani wa Kansas City. Alicheza vizuri, na baadaye akaingia Phoenix Suns, timu hiyohiyo Khaman aliyomo sasa. Hatuna neno naye. Lakini Wainright hakuishi Uganda miaka 20. Hakusoma shule ya msingi Ndejje, hakuwahi kupanga foleni ya maji Nsambya. Kwa hiyo msituambie sheria ni jiwe. Nchi ikimtaka mtu, karatasi inapatikana. Tunachouliza ni kwa nini inapatikana kwa aliyepanda ndege kuja kucheza, na haipatikani kwa aliyezaliwa kilomita mbili kutoka uwanja wa Lugogo.

Angalieni nchi ndogo ya Ulaya, Ugiriki, ambayo watu wake ni kama milioni kumi tu. Giannis Antetokounmpo alizaliwa Athens mwaka 1994, wazazi Wanigeria wasio na vibali. Alikulia mtaa wa Sepolia akiuza vitu barabarani pamoja na ndugu zake. Miaka 18 yote hakuwa raia wa Ugiriki, nchi pekee aliyoijua. Mei 2013, wiki chache kabla hajachaguliwa NBA, ghafla karatasi ikatoka. Julai mwaka huohuo alikuwa kwenye timu ya vijana wa Ugiriki ya chini ya miaka 20, kwenye mashindano ya Ulaya kule Tallinn. Baadaye yeye na kaka yake Thanasis wakavaa jezi ya taifa pamoja. Kumbe hata ile kanuni ya mmoja tu haimfungi kila mtoto aliyezaliwa na kukulia ndani ya nchi! Kufuli lenyewe lilikuwa uraia. Wagiriki wengi waliona aibu kwamba mpaka mtoto awe nyota ndipo akumbukwe, na mwaka 2015 nchi ilipitisha sheria ya kuwafungulia njia watoto wa wahamiaji waliozaliwa na kusoma pale, warefu na wafupi.

Tunajua majibu tutakayopewa. Kwamba Uganda imetupokea vizuri kuliko nchi nyingi. Ni kweli. Tunatembea, tunafanya kazi, na kwenye makazi kama Nakivale watu wamepewa hata vipande vya kulima. Tunashukuru na tunamaanisha. Lakini shukrani si plasta ya kubandika mdomoni. Kwamba watoto wa Waganda watanyang'anywa nafasi: hapana, wapambane. Wa kwetu akishindwa kiwanjani tutamrudisha nyumbani wenyewe, tena tutamcheka njiani. Na kwamba posho ya chakula imekatwa, watu wana njaa, nyinyi mnaongea basketi. Hili linatoka kwa watu wenye nia njema, kwa hiyo tunalijibu kwa heshima: karatasi inayomzuia kijana kuingia timu ya vijana ndiyo ileile itakayomzuia kupata mkopo wa chuo wa serikali, na kuajiriwa ualimu serikalini hata akiwa na cheti. Njaa ya leo ina posho. Njaa ya mwaka 2040 inatengenezwa na hiyo karatasi.

Dada na kaka zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, tunawaomba mtusikilize bila kukasirika, maana wengine wenu mmetufundisha hata kuandika hivi. Kifungu cha 34 cha mkataba huohuo wa 1951 kinazitaka nchi zirahisishe uraia kwa wakimbizi kadiri inavyowezekana. Mnacho kwenye mabango yenu. Wekeni wanasheria kwenye bajeti kabla ya fulana. Pelekeni bungeni swali la watoto waliozaliwa hapa, hao peke yao kwanza, msichanganye na mengine. Kaeni na shirikisho la basketi la Uganda waiandikie FIBA. Na tusidanganywe kwamba haiwezekani kwa michezo ya timu. Kamati ya Olimpiki imekuwa na timu ya wakimbizi tangu Rio 2016, ilianza na watu 10, Paris walikuwa 37, na Cindy Ngamba akaleta medali ya kwanza, shaba ya ndondi. Watoto wa Bukavu, Popole Misenga na Yolande Mabika, walikuwa kwenye judo ile ya Rio. Wote hao ni michezo ya mtu mmoja mmoja. Lakini mwaka 2025 FIFA iliruhusu timu ya wanawake wakimbizi wa Afghanistan, wachezaji kamili, kocha kamili. Basketi inataka watu 12 tu.

Na sisi wenyewe tusikae kama wageni wa harusi. Kuna vijana wetu wanaonunua kitambulisho chenye jina la mtu mwingine ili wacheze. Tunaelewa kinachowasukuma, ila tunawaambia waache. Siku ukigundulika timu inapigwa faini, kocha anafukuzwa, na mlango unafungwa kwa kumi walioko nyuma yako. Wanaopunguza umri vilevile. Wazazi nao: mtoto akizaliwa hapa ana haki ya kuandikishwa kuzaliwa kwake NIRA, hata akiwa mkimbizi. Cheti hicho si uraia, lakini bila hicho siku sheria ikibadilika hutakuwa na cha kuonesha. Wengi wenu mna kile kikaratasi cha kliniki tu, kimekunjwa kwenye Biblia au Kurani, kinafutika wino.

Mwaka huu tarehe 20 Juni tutacheza tena, na fulana tutavaa, hatuna kiburi. Ila fomu ya kujiandikisha tumeibadilisha. Zamani tuliandika jina, nchi na saizi ya fulana. Sasa tumeongeza: umezaliwa wapi, tarehe gani, cheti kipo au hakipo, utatimiza miaka 16 lini. Orodha itakaa mezani kwenye karatasi kubwa, karibu na soda, na kila mgeni atakayeomba kupiga picha na watoto ataombwa kwanza aisome.